Ufunguo wa Meneja

Jumanne, 9 Juni 1998

Likizo. Newala baridi, ukungu mpaka mlangoni. Mjomba Gervas kaja dukani na jipya: mwezi ujao kodi ya VAT inaanza, wenzetu wana mashine za kutoa risiti, sisi bado tunaweka pesa kwenye kopo la mafuta. Mama akasema kopo halijawahi kuharibika. "Dada, hili soko huria!" Wateja wakacheka. Nilitamani nizame kwenye gunia la sukari.

Duka ni la mama. Alianza na chumvi na viberiti kibarazani, mimi nikiwa mgongoni. Lakini kwetu kaka wa mama ndiye msemaji wa ukoo. Na ada yangu analipa yeye. Hachoki kutukumbusha.

Alhamisi, 11 Juni

Muuza mashine, Abdulkadiri, kafika kutoka Mtwara. Kapanga mbili juu ya kaunta. Ndogo: ya betri, haina ufunguo. Kubwa: ya umeme, droo inaruka yenyewe — kling! — na funguo mbili. Vitabu vya maelekezo Kiingereza kitupu. "Msomi, tusomee," mjomba kasema. Mbele za watu! Sauti ilinitoka kama ya panya.

Mama kataka ndogo. Umeme wetu leo upo, kesho haupo.

"Hiyo ya kuchezea watoto," mjomba kasema. Akauliza, funguo mbili za nini? Nikasoma, nikatafsiri: wa meneja unafungua kila kitu — bei, jina la duka, mauzo ya siku. Wa karani unauza tu.

"Basi kubwa!" Wa meneja mjomba kautia mfukoni. Wa karani kamsukumia mama juu ya kaunta, kama anampa chenji.

Ningeweza kutafsiri vibaya. Sikuthubutu. Kiingereza changu chote, miaka yote ya kukariri — kazi yake ya kwanza ndiyo hii.

Jumamosi, 13 Juni

Mama kataka kumpunguzia Bi Sikuzani bei ya sabuni, kama siku zote. Mashine imekataa. Bei haishuki bila ufunguo wa meneja. "Makubwa! Mama Oliva, siku hizi unaomba ruhusa kwa sanduku?" Akacheka mpaka akashika kiuno.

Mama hakucheka.

Jumatatu, 15 Juni

Mjomba kaja na ufunguo wake. Kaniamuru niingize jina litakalotoka juu ya kila risiti: GERVAS STORES. Nikamtazama mama. Anapima sukari, hainui macho. "Fanya anavyosema mjomba wako."

Nikauliza, taratibu mno, kwani duka si la mama?

"Na ada yako? Nayo analipa mama?"

Nikabonyeza G. E. R. — umeme ukakatika! Mashine kimya. Mjomba katukana, kapanda pikipiki, kaenda kumtafuta mwenye jenereta. Umeme ukirudi nimalizie.

Ufunguo kausahau kwenye mashine. Mama kauona. Nami nimeuona.

Kisha mama kaweka kibaba chini. Kauchomoa. Kaufunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili, akarudi kwenye sukari yake.

Naandika nyuma ya magunia. Taa imewaka. Pikipiki imezimwa nje — ndiye. Mama ananiita, sauti yake ileile ya kila siku:

"Oliva, mjomba wako huyo. Njoo umwamkie."