Nani Anaua Matete Yako

Shikamoo Baba,

Matete yako yalianza kukauka kabla hata ya arobaini yako. Kwanza upande wa bomba, majani yakawa ya manjano, kisha maji yaliyokuwa yakitoka meupe chini ya kokoto yakaanza kunuka. Hapa mtaani Woolwich, huku ughaibuni, hakuna mwingine aliyesafisha maji ya kuogea na kufulia kwa shimo la mchanga na mizizi ya matete. Ulisema umeiga vinamasi vya kwenu Ifakara, kwamba vijidudu vya kwenye mizizi ndivyo vinavyokula uchafu. Wageni ulikuwa unawapeleka bustanini kabla hawajakaa.

Nilimshuku Mzee Kanti, jirani, yule Mhindi wa Mombasa. Unakumbuka alivyolalamika kuhusu mbu. Asubuhi moja nilimwona ameinamia uzio, mkono wake uko upande wetu. Aliponiona akaurudisha, akauliza hali ya Mama. Kwa nini aulize ya Mama? Nikaacha kumsalimia. Kila nikitoka kazini nilikwenda kunusa yale maji, hadi siku moja nikapata harufu ya klorini, kali kama ya bwawa la kuogelea. Nikajua nimemkamata.

Nikamgongea mlango nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakukasirika. Kisha akanionyesha ndoo mbili zenye matete mabichi. Alikuwa akiyang'oa machache machache ayaokoe.

"Mwanangu," akasema, "hayo maji yatoka kwenu. Tazama ndani kwanza."

Niliondoka bado simwamini. Lakini Jumamosi nikamkuta Mama bafuni anamimina klorini kwenye beseni. Ndani ya beseni hamna hata leso. Hakushtuka. Nikamuuliza kama anajua inafanya nini kule nje.

"Najua. Baba yako kanikataza miaka yote." Akakaa kwenye ukingo wa bafu. "Kila nikichungulia nayaona yanacheza na upepo. Mume wangu yuko chini ya udongo, yenyewe yanaota. Nimeshindwa, mwanangu."

Nikakaa naye. Nilikuwa nimelinda uzio wote ule, na Mama ndani ya nyumba peke yake...

Yaliyokufa tumeyang'oa pamoja, mimi na yeye. Maji sasa yanakwenda kwenye mfereji wa mtaa kama ya watu wengine. Ndoo ziko kwa Mzee Kanti. Nimemwomba radhi, akanipa chai. Amesema atayatunza mpaka Mama mwenyewe aseme.

Na sasa Mama ndiye ninayemshuku, ila kwa jingine. Jana, tukimenya viazi, aliniuliza kama kokoto iliyoingia klorini inaweza kuoshwa ikafaa tena kupandia. Nikamjibu nadhani inaweza. Sikumdadisi zaidi.

Buriani Baba. Kuhusu matete sina la kukuahidi. Kuhusu Mama, nakuahidi.

Binti yako,
Neema