Skafu Yako Nyekundu Ukumbini

Vienna,
9 Novemba 1996.

Mpendwa Dada Piroska,

Pokea salamu zangu, na kabla ya lolote niambie: goti linaendeleaje? Na pilipili zimekauka vizuri huko Kalocsa, au mvua iliziwahi? Mimi mdogo wako ni mzima, ila tumbo limetangulia na mimi nalifuata.

Dada, watu wa huku wana mambo! Wanapika chapati za maji nzuri kabisa, kisha wanazikata nyuzinyuzi na kuzizamisha kwenye supu. Mara ya kwanza nilidhani mpishi amegombana na mkewe. Sasa siendi kwenye muziki kabla ya bakuli moja. Ndiyo starehe yangu tangu nihamie: supu kwanza, halafu ukumbini kwa tiketi ya kusimama.

Jana nusura moyo unisimame. Binti yako Emőke, ambaye hamjasemezana tangu aache kinu cha pilipili akafuata fidla, alikuwa anapiga kwa mara ya kwanza katika ukumbi mkubwa. Niliwahi, nikafunga skafu kwenye chuma cha kuegemea mbele ya wasimamao, kama wafanyavyo wote. Ukishafunga, mahali ni pako, nenda zako ukale. Nilifunga ile nyekundu yako uliyonizungushia shingoni pale stesheni huku ukinikaripia. Nikaifuata supu.

Kurudi, skafu haipo! Hapa mtu anaweza kuibiwa mkoba, hata meno ya bandia, lakini skafu iliyofungwa kwenye chuma? Bi Roswitha, ajuza asiyekosa kusimama pale, alishika mdomo.

"Jamani! Hili sijaliona tangu nizaliwe."

"Basi niache nisimame papa hapa, mama."

"Bila skafu? Nenda nyuma kule, baba. Tusianze kuzoeana."

Nikaenda kusimama nyuma ya jitu lenye mabega kama kabati. Wapigaji wakaingia. Mara nikasikia Bi Roswitha akiniita bila haya: "Wee mzee wa supu! Mwizi wako yule, ana fidla mkononi!"

Nilichungulia kando ya yale mabega. Emőke, mavazi meusi, na skafu yako imefungwa kwenye kiti chake, nyekundu kama pilipili. Macho yake yalikuwa kwenye kile chuma, yakipita uso mmoja hadi mwingine, yakitafuta. Ndipo nikaelewa. Alipita pale kabla ya watu kujaa, akaitambua, akadhani umekuja.

Wajua mimi husinzia kwenye fidla. Jana sikusinzia.

Walipomaliza alinijia mbio, skafu mkononi. "Mjomba, mama yuko wapi?"

Mimi, mropokaji wa ukoo mzima, nikamjibu kwa ufupi: "Imekuja skafu tu, mwanangu."

Nilinyoosha mkono anirudishie. Akaizungusha shingoni mwake. "Mwenyewe aje aichukue."

Dada, baridi imeanza na shingo yangu iko wazi. Usipokuja kwa ajili ya mwanao, basi lihurumie koo la mdogo wako. Supu nitakununulia. Utaitukana, kisha utaimaliza.

Nisalimie shemeji Lőrinc na shangazi Etelka. Mungu alitie nguvu goti lako, angalau likufikishe stesheni.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, shingo tupu,
Gyula