Jiwe Bado Linalia

Nyangoto, Jumanne

Na bado Chacha anacheka! Mume wangu, mtu mzima, anachukua jiwe letu la kusagia wimbi na kulitumia kusagia mawe ya dhahabu, tena anachanganyia zebaki ya kunasia dhahabu juu yake. Eti mawe mengine yote aliyosagia yalivunjika, hili tu ndilo lilivumilia.

Litaachaje kuvumilia? Shuleni tuliambiwa mawe ya aina hii yaliwahi kuwa uji wa moto. Hili ni jeusi, zito kuliko umbo lake, chembe zimeshikana kabisa. Ukilimwagia maji hayaingii. Ukiligonga linalia kama kengele ya shule.

Nimelisugua kwa majivu mpaka vidole vinauma. Lakini zebaki ni sumu, siwezi kuwalisha watoto unga wa hapo.

Mchana nilipanda kilimani kutafuta jingine. Yenye vitundu niliyaacha, hayo hunywa maji na kumwaga mchanga kwenye ugali. Meusi niliyagonga moja moja. Hakuna lililolia. Kwa nje ni mazima, kumbe baruti za wachimbaji zimeyapasua ndani.

Nikanunua unga wa mashine. Mama mkwe haoni siku hizi, ila ulimi wake unaona. Alionja tonge moja akaliweka.

"Mwanangu, huu haukusagwa hapa. Jiwe la mama yangu liko wapi?"

"Lipo, Mama."

"Hebu lilete."

Nikalileta. Akaligonga kwa kijiwe, likalia vilevile. Uso wake ukafunguka; habari ya zebaki hajaambiwa.

"Ah, bado zima. Kesho unisagie wimbi."