Picha ya Kondo Kwenye Mchanga Mweusi

Kingsbury, London

Mdogo wangu Nyamizi,

Miezi mitano bila barua ni utovu wa adabu, na mimi niliyekuchapa utotoni kwa kuchelewa kumjibu mama sina pa kujificha. Naomba radhi. Sikuumwa, wala posta haikupoteza kitu. Nilinyamaza kwa makusudi, na sababu yake utaisoma hapa chini, ukiwa umekaa.

Kwanza nikuulize hali. Goti lako linaendeleaje? Ule ukuta wa uani ulioangukia upande wa jirani umeshajengwa, au bado mnatazamana nao mkiwa mnakula? Mimi ni mzima. Kifua hunibana asubuhi kukiwa na baridi, lakini napanda ngazi zangu bila kupumzika katikati. Bado nawafundisha watoto Kiswahili kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Wananielewa vizuri na kunijibu kwa Kiingereza, nami nawanyima biskuti.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unamjua Kondo, mtani wangu Mzaramo, yule ambaye huninyang'anya simu na kukuita mpagazi wa kike. Ameendesha basi hapa London miaka ishirini na minane, njia ileile, kutoka Edmonton hadi mjini na kurudi. Alipotimiza miaka sabini, binti yake Zuhura alimwuliza anataka nini. Kondo akajibu kwamba anataka kupanda, walau siku moja, gari lisilohitaji njia. Zuhura akatafuta, akapata safari ya siku moja huko Iceland, kisiwa cha volkano kilicho kaskazini kabisa, ambako magari ya matairi makubwa huwachukua wageni na kuwapitisha porini na ufukweni pamoja na kiongozi. Yeye mwenyewe hakupewa ruhusa kazini. Nikaenda badala yake.

Kwenye uwanja wa ndege Zuhura alinishika mikono yote miwili. Zuhura amezaliwa hapa; Kiswahili anakisikia, lakini aliniambia kwa Kiingereza: "Anko Maganga, mtazame baba. Hajui kusema kwamba anaumwa. Akiumwa hufanya mzaha."

Nilimsikia. Nataka ujue kwamba nilimsikia.

Dereva wetu, ambaye ndiye pia kiongozi, alikuwa mwanamke mrefu aitwaye Hildur. Tulikuwa abiria wanne tu: sisi wazee wawili, na kijana wa Kihispania na mkewe waliotoka kufunga ndoa. Gari lilikuwa refu kiasi kwamba Kondo ilibidi asukumwe makalio ili apande, na aliyemsukuma ni mimi.

"Vizuri, Mnyamwezi," akasema akiwa juu. "Mzigo unajua kuupandisha. Babu yako alibeba pembe mpaka Bagamoyo, nawe umenibeba mpaka Iceland."

"Na babu yako," nikamjibu, "alikuwa amelala kivulini akimsubiri amwombe kitu cha kula."

Nchi ile sitaiita nzuri. Imeungua, kisha ikaganda. Mawe yaliyotiririka zamani kama uji yamesimama yakiwa na ncha, na juu yake yameota majani mafupi laini ambayo Hildur alitukataza kuyakanyaga. Mahali pengine ardhi inatoa mvuke wenye harufu ya mayai yaliyooza. Tulivuka mito miwili maji yakigonga milango. Mchanga ulipoanza, Hildur alishuka na kupunguza upepo wa matairi yote manne, ili yabonyee na kuushika mchanga. Kondo alishuka kumtazama, akashika kichwa.

"Mimi ningelipunguza upepo wa tairi kwa makusudi, wangelinifukuza kazi kabla ya chai!" Alicheka mpaka akakohoa. Nilimwona akiukunja na kuukunjua mkono wake wa kulia. Nilidhani ni baridi.

Tukafika ufukweni. Mchanga wote ni mweusi, kama majivu ya jiko yaliyomwagiwa maji, na baharini yamesimama majabali mawili. Hildur alituonya mambo mawili: tushike milango kwa mikono miwili kwa sababu upepo huing'oa, na tusiipe bahari mgongo kwa sababu wimbi kubwa huja bila taarifa. Tukatawanyika. Kondo akatangulia. Alipofika kama hatua hamsini mbele yangu, alisimama, akapiga goti moja, kisha akalala chali.

Hapa lazima nikukumbushe mazishi ya mke wangu, Agnes. Hukuwapo, lakini nilikusimulia. Jeneza lilipokuwa likiteremshwa, Kondo alitoka katikati ya waombolezaji, akapaza sauti, "Huyu mama ameuawa na sarufi!" Kisha akalala chali kando ya kaburi, akajifanya maiti. Watu wetu walicheka huku wakilia, kama inavyotakiwa. Wafanyakazi wa makaburini walikuja mbio, na mmoja wao akaita gari la wagonjwa. Kondo hakufumbua jicho. Sheria yake ni kwamba hainuki mpaka nimwite bwana mara tatu. Nilimwita bwana mara tatu, mbele ya mapadri na mbele ya wakwe zangu, naye akainuka, akajipangusa majani, akauliza chakula kiko wapi. Gari la wagonjwa likaja bure. Nilipata aibu kuwaeleza wale Waingereza. Siku ile niliapa kwamba hataniaibisha tena.

Basi nilipomwona amelala kwenye mchanga mweusi, nilijua anachotaka. Nilimwendea taratibu nikasimama juu yake. Uso ulikuwa umepinda upande mmoja. Alisema neno, likatoka limevurugika.

"Mzaramo," nikamwambia, "hata kufa hujui kutamka."

Akasema tena. Sauti ilikuwa kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. Nikacheka. Nilimwambia kwamba safari hii simwiti bwana, na kwamba akitaka kulala na alale mpaka samaki wamwoe. Kisha nikatoa simu nikampiga picha.

Ndiyo picha niliyokutumia. Niliandika chini yake, "Mzaramo wako amelala tena." Wewe ulinijibu palepale kwa vile vikatuni vya kucheka, ukasema umemwonyesha shemeji na jirani, na kwamba nisikubali. Sikulaumu. Ulichokiona ni utani. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka usoni mwake.

Hildur alikuja akikimbia.

"Ana nini?"

"Hana kitu. Ni mila yetu."

"Mila ya kulala kwenye baridi?"

"Ukimshughulikia, ameshinda. Mwache."

Alimtazama, akanitazama. Alitaka kupita, nami nikamshika mkono wa koti. Nilimshika, Nyamizi, kama nilivyokuwa nikiwashika wanafunzi wakorofi. Nikamwambia kwa sauti ile ya darasani kwamba namjua mtu huyu miaka ishirini, na kwamba yeye ni mgeni wa mambo haya. Akaniamini. Wale Wahispania nao wakacheka, kwa sababu nilikuwa nacheka. Nikarudi garini, nikafungua chupa ya chai, nikala yai la kuchemsha huku nikimwangalia kupitia kioo. Hildur alirudi tena kuniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba mimi ni mwalimu na huwa sijibu swali moja mara mbili.

Kisha wimbi likaja. Halikuwa kubwa. Lilipanda mchanga, likafika viatuni mwake, likamfunika miguu mpaka magotini, likarudi. Naye hakuikunja miguu.

Kondo ambaye huruka kidimbwi cha mvua ili asiloweshe soksi.

Nilikimbia kwa miguu hii ya uzee, lakini Hildur alinipita. Tulimburuta wote wanne. Jicho moja lilikuwa wazi likinitazama. Helikopta ya wagonjwa ilimchukua barabarani, maana pale ufukweni upepo haukuiruhusu kutua.

Hospitalini daktari aliniuliza alianguka saa ngapi. Nikatazama saa iliyo kwenye picha, nikamwambia ukweli. Akaniuliza tena ni kwa muda gani alilala bila msaada. Dakika ishirini na tano. Hakunigombeza. Aliandika. Kisha akasema kwamba kiharusi hakisubiri, na kwamba kila dakika aliyolala pale imechukua kitu.

Alipoondoka, niliifuta picha kwenye simu yangu.

Zuhura alifika kesho yake. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Alinikumbatia kabla sijafungua mdomo, akalia begani mwangu, akasema, "Asante, Anko. Bila wewe angelikufa peke yake kule." Nami nikasema, "Tulimkimbilia papo hapo." Sentensi fupi, sahihi, isiyo na kosa hata moja. Ndiyo ya uongo pekee niliyowahi kumwambia mtoto yule.

Kondo sasa yuko nyumbani kwake Edmonton. Mkono wa kulia umekufa na mguu unaburuta. Ulimi umembakizia neno moja tu. Akitaka maji husema, "Mnyamwezi." Akitaka chooni, "Mnyamwezi." Binti yake akimbusu paji la uso, "Mnyamwezi." Wataalamu wanasema hutokea hivyo, kwamba mgonjwa hubaki na neno lililokuwa mdomoni alipoanguka, na kwamba halina maana yoyote. Zuhura haamini. Anasema baba yake ananiita mimi kwa mapenzi. Juzi alinitengea chai, akanikalisha, akaniomba nihamie kwao. Yeye aende kazini bila wasiwasi, nami nimlinde baba yake mchana, nimlishe na kumfanyisha mazoezi ya kusema.

"Nani mwingine nimwamini, Anko?" akasema. Hilo alilisema kwa Kiswahili.

Kondo alikuwa kitini dirishani. Alinitazama kwa lile jicho la ufukweni, akasema, "Mnyamwezi." Zuhura akatabasamu. "Unaona? Amekubali."

Alipokwenda kuosha vikombe nilipiga magoti mbele ya kiti. Nilimwita bwana. Nikamwita mara ya pili, kisha ya tatu, kwa sauti, kama sheria yake inavyotaka. Alinitazama mpaka mwisho. Kisha akageuza uso akaangalia mabasi yakipita.

Najua wazee wa kwetu watasema nini ukiwauliza. Watasema kwamba baina ya watani hakuna kosa wala kesi, na kwamba Mzaramo mwenyewe angelikuwa wa kwanza kucheka. Kwa hiyo usiwaulize. Watanisamehe, na msamaha wao hautoki kwa aliyelala pale. Tena ule ufukwe haukuwa utani mtupu. Nilikuwa nalipiza aibu ya makaburini, na nilikuwa nafurahi kumwona amelala.

Nikihamia pale bila kusema, nitamlisha kwa kijiko kila siku mtu anayejua, mbele ya binti asiyejua, naye hataweza kumwambia. Nikisema, Zuhura atanifukuza, na Kondo atabaki mchana kutwa na wageni wasiomjua ambao watadhani neno lake halina maana. Ama yote mawili ni adhabu ya Kondo, ama moja ni yangu. Bado sijaweza kuyatenganisha.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu Zuhura ndiye anayenitengenezea simu yangu, na husoma yaliyomo bila kuficha. Usinipigie kuhusu jambo hili.

Msalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie aache kuchukua simu yako na kuionyesha ile picha kijiweni. Msalimie mama mkubwa wa Ipuli, na umsomee salamu hizi karibu na sikio la kushoto. Binamu yetu fundi baiskeli mwambie pampu aliyoiomba nitaituma. Mkwe wako mpya mpe heri zangu, ingawa barua yake ya kujitambulisha ilikuwa na makosa sita. Nilikuwa nimeyasahihisha kwa wino mwekundu ili nimrudishie. Nimeichana.

Picha ile sasa ipo kwenye simu yako tu. Ina saa, ina uso wake, na ina kivuli changu juu ya kifua chake. Itazame vizuri, utakiona. Usiifute. Usimtumie mtu. Nitakapokuwa nimeamua kama Zuhura ataiona, nitakuandikia, na utakachofanya kitakuwa katika mstari wa kwanza wa barua hiyo.

Kaka yako,

Maganga