Leso Tatu za Bluu

Alhamisi, 6 Machi

Kinyaa! Miaka ishirini na sita nafua nguo za watu. Kola zenye nongo, makwapa ya njano, mashuka ambayo hata kuyataja sitaki – kote huko sijaona uchafu kama ule uliochokonolewa leo kwenye fizi zangu. Usaha. Damu. Na harufu! Muuguzi aligeuza uso. Nyani haoni kundule, kweli.

Daktari wa meno ni binti mpole. Anasema fizi zimeachana na meno, zimefanya mifuko, wadudu wamejichimbia humo. Atatia dawa ya bluu, ikae dakika tano, kisha amulike kwa taa nyekundu. Dawa inawashika wadudu, taa inawamaliza. Moja bila nyingine ni kazi bure. Mara tatu. Fizi zisipokaza, meno manne ya mbele yang'olewe.

Ya mbele! Mimi ninayesimama na wateja kutwa!

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu analala kautazama ukuta. Eti anapenda upepo wa dirishani. Dirisha liko upande wangu.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari katia dawa. "Mzee, usiteme, usisuuze, nakuja sasa hivi." Akaenda chumba cha pili. Nikajitazama kwenye kioo. Lahaula! Mdomo wote bluu, kama niliyelamba wino. Mimi, adui wa madoa! Ikanishuka kooni, kichefuchefu kikanipanda. Nikatema. Nikasuuza, nikafuta fizi kwa leso yangu nyeupe mpaka zikang'aa. Aliporudi alinisuuza tena mwenyewe kabla ya kuwasha taa, hakugundua kitu. Nikajiambia iliyobaki itatosha.

Alhamisi, 20 Machi

Nimetema tena. Leso ya pili.

Alhamisi, 27 Machi

Ya tatu. Zote zimegoma kutakata! Nimeloweka, nimesugua, nimeanika juani. Wapi! Nimezificha nyuma ya magunia ya sabuni.

Jumamosi, 5 Aprili

Shemeji – kaka yake mke wangu, tunafua pamoja – katoa mashati ya hoteli kwenye beseni hata hayajalowana sawasawa. Nikamfokea mbele ya wateja: sabuni haifanyi kazi kwa kuonyeshwa nguo! Iache ikae!

Maneno yakanirudia mwenyewe. Nikaenda kukaa nyuma, peke yangu. Najichukia. Mtu mzima na mvi zangu natema dawa kama mtoto! Jino moja sasa linacheza nikiligusa kwa ulimi. Tangu asubuhi natafuna pipi za mnanaa, na wateja bado wanarudi nyuma hatua moja. La kuvunda halina ubani.

Jumatano, 9 Aprili

Nilitaka kumwambia mke wangu. Akaniwahi. Kesho tunakwenda wote, anasema, daktari amweleze ni taa gani hiyo isiyoponya mtu. Eti mimi mvumilivu, mwingine angeshakimbia. Akanipapasa shavu. Mara ya kwanza tangu mwaka jana! Nikamwachia shavu, siri nikabaki nayo. Mshenzi mimi.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika hapa kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari. Amenipima: mifuko ile ile, usaha ule ule. Leo yang'olewe. Binti wa watu ameduwaa. Nimemsikia akimwambia muuguzi kwamba labda taa yenyewe haifai, bora aache kuwapa wagonjwa. Koleo liko tayari kwenye trei. Nitasema. Wakiniita tu, nasema.

Mke wangu hakungoja. Kaingia kabla yangu, mlango kauacha wazi. Anabwata: mume wangu kavumilia dawa yenu mpaka tone la mwisho! Mnataka ushahidi? Anafungua mkoba.

Mungu wangu – leso zangu! Kazitoa wapi? Anazikunjua moja moja mezani. Tazameni alivyoteseka, anasema.

Daktari ameokota moja. Bluu tupu, alama za meno manne katikati. Anaigeuza. Ameokota ya pili. Sasa ananitazama mimi.

Mke wangu naye anazitazama leso, ananitazama mdomo.