Mstari wa Kwanza Uko Chini

Jumatano jioni, Kitale. Mvua imenyesha tangu saa nane, sasa imekatika na kuacha matope mlangoni na baridi ya kuvaa sweta mbili. Chai iko karibu. Nina njaa, na njaa yenyewe sikuwa nimeisikia tangu Jumamosi.

Leo nimesema ukweli mbele ya watoto arobaini na sita.

Wanaonisoma mara ya kwanza wajue hivi: mimi ni mwalimu wa Gredi ya Tano katika shule moja upande wa Kiminini. Mwaka huu nilipewa somo la muziki kwa sababu mwalimu mkuu alinisikia nikiimba kwenye harusi. Na kweli naimba. Lakini mimi nilifunzwa kwa do-re-mi kule kwetu Matulo, mwalimu wa kwaya akiandika d, r, m ubaoni nasi tukimfuata. Ile mistari mitano yenye nota nyeusi nilikuwa naiona tu kwenye vitabu vya watu.

Kuuliza si ujinga, nakubali, lakini ukishafundisha miaka kumi na miwili unaona haya. Kwa hivyo niliuliza nusu. Rafiki yangu anayefundisha shule nyingine aliniandikia kwenye simu majina ya nota: mstari wa kwanza E, wa pili G, wa tatu B, wa nne D, wa tano F. Nikashukuru. Sikuuliza mstari wa kwanza ni upi, kwa sababu mstari wa kwanza wa daftari uko juu, nani hajui?

Basi nikafundisha hivyo muhula mzima. E juu kabisa, F chini kabisa. Watoto wakajitungia maneno ya kukumbukia: Eti Gari Bovu, Dereva Fundi. Nikawasifu. Walipouliza mbona sauti inapanda na nota zinashuka, nikawajibu kwamba kusoma ni kutoka juu kwenda chini. Nilijibu kwa sauti ya mtu anayejua.

Lakini si hilo lililoninyima usingizi. Ni Nafula.

Nafula alihamia kwetu muhula ulipoanza. Mama yake alitoka karibu na Kibabii, huko Bungoma, akaja kuuza nguo za mitumba Kiminini. Wiki ya pili nilitoa zoezi, yeye akaweka E kwenye mstari wa chini. Nikampigia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Akainua mkono, akasema kwa adabu kwamba shule aliyotoka walihesabu kuanzia chini.

"Hayo ni ya Bungoma," nikamwambia. "Hapa ni Kitale."

Darasa zima likacheka. Na mimi niliyesema hayo ni mtoto wa Matulo, nimelelewa Bungoma hiyo hiyo! Sijui nilikuwa namfurahisha nani. Tangu siku hiyo Nafula akaandika kama wenzake, akapata tiki kama wenzake, na mkono wake sikuuona tena katika somo la muziki.

Jumamosi nilitumwa Bungoma kununua rekoda za shule, zile filimbi za plastiki. Niliingia dukani kwa Mama Simran, mama wa Kalasinga ambaye familia yake imeuza vitabu na mipira mjini humo tangu enzi za baba mkwe wake. Akakataa niondoke kabla ya kuzijaribu.

"Jaribu hapa, Mwalimu. Si ufike Kitale unipigie simu ati haitoi sauti bana."

Akafungua karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi, yenye mistari mitano na mahali pa kuweka vidole. Akapuliza nota moja moja zikipanda, na baada ya kila moja akanionyesha kwa kalamu ilipo: mstari wa chini, halafu wa juu yake, halafu wa juu yake tena. Nikamwambia, kwa ujuaji wangu wote, kwamba karatasi ameishika kichwa chini.

Hakubisha. Aliisogeza tu karibu nami ili niyaone maandishi. Yalikuwa wima: mstari wa kwanza ni wa chini kweli.

Nilirudi Kitale na rekoda zangu bila hata kununua ndizi. Jumapili kanisani sauti haikutoka. Jumatatu nikawapigisha watoto makofi ya mapigo, ili tusifike kwenye mistari. Jumanne makofi tena, mpaka viganja vikawawasha. Na Ijumaa mwalimu wa shule jirani anakuja kuwasikiliza wakisoma nota na kuzipuliza.

Ngoja nikiri yote. Uongo nilikuwa nao tayari: ningesema mtaala umebadilika. Wangeamini, maana mtaala wetu hubadilika na kila mzazi amezoea. Watoto arobaini na watano wangefuta na kuandika upya bila kuuliza.

Wa arobaini na sita angejua.

Hilo ndilo lililonishinda. Leo asubuhi nikachora mistari mitano, nikaweka chaki chini, nikasema: mimi ndiye niliyekosea, si nyinyi, na nimewafundisha kinyume muhula mzima. Kisha Wekesa, ambaye hakosi neno, akasema kutoka nyuma, "Kwa hivyo gari inapanda mlima, Mwalimu!"

Wakacheka, nami nikacheka hadi nikatafuta leso. Mmoja alinuna, ati amefuta daftari mpaka limetoboka. Ana haki. Tukachukua rekoda tukapuliza nota tano, mate na milio ya kuumiza masikio, lakini sauti ilipanda na nota zikapanda nayo. Niliona nyuso zao zikielewa. Mabega yangu yalishuka yenyewe.

Kisha nikamwita Nafula mbele. Nilimwaibisha mbele ya watu, nikaona nimwombe msamaha mbele ya watu hao hao. Nikasema alikuwa sahihi, na kwamba maneno yangu ya Bungoma yalikuwa mabaya. Nikamwomba daftari nifute ile alama ya kosa.

Akalileta. Halafu akalifungua kurasa za nyuma.

Mazoezi yote ya muhula yalikuwa huko, ameyarudia kwa penseli, madogo madogo, E ikiwa chini mahali pake. Mbele aliandika ya kwangu, nyuma akaweka ya kweli. Hakuna mtu aliyewahi kuyasahihisha. Nikaketi nikayatia tiki moja baada ya jingine, na darasa likanisubiri.

Nikamuuliza kwa sauti ya chini mbona hakuniambia.

"Si nilikuambia, Mwalimu," akasema. "Ile siku."

Hakuwa na hasira. Alikuwa ananikumbusha tu.

Nimepumua, jamani. Leo nitakula na nitalala, na hiyo Ijumaa ije tu. Lakini mtoto aliniambia ukweli mara moja, nami nikamfunga mdomo muhula mzima. Kesho nikimaliza kuandika ubaoni nitauliza nani ameona kosa, kisha nitanyamaza mpaka mkono uinuke. Natamani uwe wake.