Kabla Hujampa Wakala Pasipoti

Al-Murabba,
Riyadh.
24 Aprili 2015.

Mpendwa mpwa wangu Dancan,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. U mzima? Na mama yako, goti lake limepata nafuu, au bado anashuka ngazi za kanisa kinyumenyume? Mimi sijambo, isipokuwa macho yanadai miwani mipya. Namshukuru Mungu.

Barua yako niliipata. Unaniuliza uje au usije. Wakala anataka pasipoti kabla ya tarehe ishirini Mei, kazi ni ulinzi, mkataba miaka miwili; na kikundi chenu cha vichekesho pale Mbale kitavunjika ukiondoka, kwa kuwa mwandishi ni wewe. Ulitaka nikujibu kwa simu, lakini jambo hili ni refu kuliko simu. Nimempa Julius barua hii, anakuja likizo.

Niruhusu nianzie mbali. Unajua nilisomea ufundi wa mitambo Praha, nchi ile ilipokuwa bado Chekoslovakia. Mwaka 1981 niliona sinema iliyoandikwa na mtu aitwaye Vlastimil Koutny. Alikuwa amejipa mwenyewe nafasi ya mpagazi wa stesheni, anayebeba sanduku moja tangu mwanzo hadi mwisho na kusema mara nne tu. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilicheka baada yao, kwa sababu nilikuwa bado natafsiri kichwani.

Miaka thelathini na miwili baadaye, nikiwa karani wa ghala huku Al-Sulay, mhandisi mmoja Mcheki alinisikia nikihesabu maboksi kwa Kicheki, mazoea yangu ya zamani. Alinitazama kama aliyeona mbuzi akisoma gazeti. Baba yake alikuwa amekuja kukaa naye mtaa wa Malaz na hakuwa na wa kuzungumza naye. Je, ningeweza kumtembelea siku za Ijumaa? Nilikubali. Mlango ulipofunguliwa nilimkuta mpagazi wangu, amezeeka, amevaa ndara.

Natamani ungekuwapo Ijumaa zile. Tulikunywa chai bila maziwa, naye akanieleza kazi yake. Kila filamu alijiandikia nafasi ndogo kabisa, ili asimame katikati ya waigizaji na mafundi wa taa asikie ni sentensi gani haiwachekeshi. Hiyo aliifuta palepale.

Lakini miaka ya sabini, kabla ya sinema ile, serikali ilimkataza kuandika kwa miaka minane. Alifanywa mchochea makaa, chini ya jengo la watu wengi, akilisha tanuri la kupasha nyumba moto. Nilimwambia pole. Akasema, "Pole ya nini? Mabomba yalipanda hadi kila jikoni. Nilisikia kila mke akimsuta mumewe." Yule mpagazi mwenye sanduku alitoka humo, kwenye ugomvi wa orofa ya tatu.

Nakiri kwamba niliposoma barua yako, nilikimbilia habari hiyo. Nikajiambia: basi Dancan na aje, atalinda lango na kuandika, kama mzee yule. Hata nilianza kukuandikia hivyo. Halafu nikakumbuka Jeddah, nikaichana karatasi.

Mhandisi alikuwa na shughuli Jeddah, akatuchukua ili baba yake aone bahari. Kwenye benchi la jirani walikaa mabinti wawili wa kwetu Kenya, Damaris na Rosebellah, wakiwachunga watoto wa mabosi wao.

"Madam ameniuliza kama Kenya kuna jua," Damaris akasema. "Nikamwambia mafi, hakuna, tunaazima la Uganda."

"Na mnarudisha lini?"

"Kila jioni, dada. Si huwa unaliona likienda?"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Mzee akataka kujua kuna nini. Nikamtafsiria. Akangoja. Nikaeleza kwamba kwetu jua hutua upande wa Uganda, nikamchorea ramani kwenye mchanga. Akatikisa kichwa kwa adabu.

"Imefika," akasema, "lakini imepoa njiani." Kisha akaniuliza, "Kule ghalani kwenu, unasikia wangapi wakiongea hivyo?"

Nilimjibu ukweli: hakuna. Kuna Kiurdu, Kibengali, Kiarabu cha yalla na halas, yaani haraka na basi. Miaka minne hapa ghalani, Dancan, nami niliyekuwa nikikuchekesha ukingali mgongoni mwa mama yako, sijaokota kichekesho hata kimoja. Mzee Koutny alichochea makaa, ndiyo, lakini mabomba yake yalizungumza lugha yake. Mabomba yako yako Mbale.

Yeye alirudi kwao mwezi Machi, na Ijumaa zangu sasa ni za kufua nguo.

Neno langu ni hili: usimpe wakala pasipoti. Kazi ya ulinzi ni halali, na vijana wema wanaifanya. Lakini wewe itakunyamazisha. Na kama umeshampa, nitakungoja uwanja wa ndege na chakula cha moto, na barua hii sitaitaja tena maishani mwangu.

Nisalimie dada yangu Peris, Mirriam na watoto, na mwambie Hezron kinubi changu asikiuze. Mungu alinde kuingia kwenu na kutoka kwenu.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye tangu hujaota meno,
Ephraim